GE ya Butare si GE ya Ngara

Karatasi yenyewe ni ndogo, haizidi kiganja. Juu pameandikwa jina la mgonjwa na umri wake. Chini, kwa mwandiko wa mbiombio ambao madaktari wa dunia nzima ni kama wamerithishana, kuna herufi mbili na alama: GE+. Daktari aliyesomea Butare, Bujumbura au Kinshasa hahitaji kuitazama mara mbili. GE kwake ni goutte épaisse, tone la damu linalowekwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa hadubini, na alama ya kujumlisha maana yake vijidudu vya malaria vimeonekana. Mpe karatasi hiyohiyo daktari aliyesomea Muhimbili. Kwake GE ni ugonjwa wa tumbo: mgonjwa anaharisha na kutapika. Mmoja atafikiria kwinini, mwenzake atachukua pakiti ya ORS.

Wote wawili wamesoma, na wote wawili hawajakosea. Kilichowatenganisha ni daraja la Rusumo na ukoloni wa mataifa mawili tofauti.

Safari ya daktari anayevuka mpaka na cheti chake mkononi huonekana vizuri zaidi mtu akisimama Benaco. Wapitaji wengi wanapajua kama njia panda ya malori wilayani Ngara. Barabara itokayo Lusahunga, upande wa Biharamulo, hufika hapo kabla ya kuteremkia Rusumo na Rwanda, na nyingine hushika njia ya Ngara mjini hadi Kabanga, mpaka wa Burundi. Jina lenyewe ni la kigeni. Lilikuwa la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara maeneo hayo, na huko Italia Benaco ni jina la kale la ziwa Garda. Kampuni iliondoka, jina likabaki, likapata ukaazi wa kudumu bila kuulizwa nyaraka.

Watu hawakupata bahati hiyo.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitokea Rwanda, ndani ya saa 24 hivi. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi, lilisema halijawahi kuona umati mkubwa kiasi hicho ukikimbia kwa muda mfupi kiasi hicho. Kufumba na kufumbua Benaco ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Baadaye zikaongezwa kambi za Lumasi, Musuhura na Lukole, hadi wageni wakawazidi wenyeji wa wilaya nzima ya Ngara. Hospitali zilizokuwepo, ya Waanglikana Murgwanza na ya Wakatoliki Rulenge, zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya wilaya ya wakulima wa migomba na kahawa. Hakuna aliyekuwa amezipangia mji wa mahema.

Mashirika yakamiminika: Msalaba Mwekundu, Madaktari Wasio na Mipaka, AMREF na mengine mengi. Yalikuja na madaktari kutoka Ulaya na Amerika, masanduku ya dawa na magari yenye antena ndefu. Lakini ndani ya umati ule uliovuka daraja walikuwamo pia waganga wa Rwanda wenyewe, wauguzi, wakunga na mafundi wa maabara. Walitoka na watoto mgongoni na godoro kichwani kama wengine. Ni wachache mno waliokumbuka kuchukua cheti.

Na hapo ndipo ugumu wa kwanza unapoanza, tena wa kijinga kabisa. Nyumba ikiungua, shahada ya udaktari huungua pamoja na kabati. Ili kupata nakala, mtu anatakiwa kukiandikia chuo chake. Kitivo cha tiba cha Butare kilikuwa cha Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, kilichoanzishwa mwaka 1963, mwaka uleule ambao Dar es Salaam nayo ilifungua shule yake ya kwanza ya udaktari. Katikati ya 1994 hapakuwa na karani Butare wa kujibu barua ya mtu yeyote.

Huduma za kambini ziliendeshwa kwa mikono ya wakimbizi, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine. Mzungu mmoja hawezi kuwahudumia mamia ya wagonjwa kwa siku katika lugha asiyoijua. Mashirika yakaajiri wauguzi wa Kinyarwanda, yakawapa meza, kipima joto na daftari. Ugonjwa uliokuwa ukiua sana ulikuwa kuhara damu, aina iliyokwisha kuzizoea dawa nyingi za kawaida. Ugonjwa huo ulikuwa umezunguka Zaire, Rwanda na Burundi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Muuguzi aliyefanya kazi miaka kumi katika zahanati ya Kibungo alikuwa ameuona kwa macho, ilhali kijana aliyetua kutoka Ulaya wiki iliyopita alikuwa ameusoma vitabuni. Katika mpangilio wa kambi, kijana ndiye aliyekuwa msimamizi.

Isidhaniwe kwamba kijana yule hakuwa na kazi. Wengi walifanya kazi ya kutukuka, na uzoefu wa kudhibiti mlipuko wa ugonjwa kwenye mahema ni taaluma yake yenyewe. Ila nafasi ya mtu ilitegemea ameletwa na nani. Mgeni mwenye shirika nyuma yake hufunguliwa mlango na shirika: barua, leseni ya muda, kibali. Mgeni aliyekuja kwa miguu hana wa kumwandikia. Sheria ya Wakimbizi ya 1998, kama iliyoitangulia, inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilotengewa na apate ruhusa ya kutoka. Hadi leo, katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Mkongo au Mrundi mwenye taaluma ya afya hufanya kazi chini ya shirika na hulipwa posho. Mshahara wa kada yake anausikia kwa wenzake wa nje ya kambi.

Kada yenyewe ni mtihani mwingine. Wabelgiji waliwaachia Wanyarwanda, Warundi na Wakongo ngazi za wauguzi zinazotajwa kwa herufi na namba: A2 ni aliyesomea uuguzi katika sekondari, A1 ameongeza miaka mitatu juu yake, A0 ana shahada. Muuguzi wa A2 katika kituo cha afya cha kijijini Burundi huketi kwenye chumba cha ushauri, humsikiliza mgonjwa, hutaja ugonjwa na kuandika dawa. Mlete Ngara. Kazi anayoijua hapa ni ya afisa tabibu, lakini cheti chake kinasema muuguzi, na muuguzi wa Tanzania hakufundishwa kwa mpango huo. Basi awekwe wapi? Akipewa kazi ya uuguzi, ujuzi wake wa kutibu unalala. Akipewa ya tabibu, hana karatasi.

Kwa upande mwingine hali ni hiyohiyo, tena pengine ni mbaya zaidi. Tanzania kwa miaka mingi ilifundisha madaktari wasaidizi, kada iliyopanda kutoka kwa matabibu, na katika hospitali nyingi za wilaya hao ndio walioshika kisu usiku, mama aliposhindwa kujifungua. Mtu wa namna hiyo akihamia London au Chicago na mamia ya upasuaji wa uzazi mkononi, hakuna sanduku la kumwekea alama kwenye fomu. Kwa sheria za huko, kada yake haipo.

Kwa anayetaka kutambuliwa rasmi Tanzania Bara, njia yenyewe inajulikana. Shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu ipimwe kama inalingana na za hapa. Kisha ni Baraza la Madaktari Tanganyika, chombo kinachosajili na kutoa leseni, ambacho sasa kinafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017. Vyeti vya Kifaransa vinahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Kuna mtihani, kuna mwaka mmoja wa mazoezi ya vitendo hospitalini, na asiye raia anahitaji pia kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji na kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Visiwani ni safari nyingine, kwa kuwa Zanzibar ina baraza lake. Kila ofisi katika mlolongo huo inasubiri karatasi ya ofisi iliyotangulia, na kila karatasi ina ada.

Hata mtoto wa nyumbani haponi. Watanzania waliokwenda kusomea udaktari Urusi, China, Ukraine au Cuba hurudi wakakuta mtihani ukiwasubiri kabla ya kuanza mazoezi. Baadhi hulalamika kwamba wanapimwa kwa vitabu ambavyo hawakuvisoma. Wanayo hoja, ila mgonjwa wa Biharamulo naye ana yake: daktari aliyefundishwa mahali ambapo malaria huonekana mara moja kwa mwaka anahitaji muda kabla ya kukabidhiwa wodi ya watoto mwezi wa Aprili.

Katika orodha ya karatasi hizo iko moja inayowatesa wakimbizi kuliko zote: barua ya mwenendo mwema kutoka baraza la nchi aliyotoka. Inatakiwa iseme kwamba mhusika alisajiliwa, hakufungiwa, hana kesi. Kwa daktari wa Nairobi anayehamia Dar es Salaam ni suala la kulipa ada na kungoja. Kwa aliyekimbia, ni kuambiwa akaombe sifa njema kwa serikali iliyomfukuza. Wapo madaktari duniani kote waliokwama hapo miaka nenda rudi.

Ni rahisi kusema sharti hilo lifutwe. Lakini Benaco yenyewe inatoa sababu ya kusita. Miongoni mwa waliovuka Rusumo walikuwamo walioua katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Aliyekuwa meya wa Murambi, Jean-Baptiste Gatete, alikuwa kambini humo, na Juni 1994 jaribio la kumwondoa lilizua ghasia zilizotishia maisha ya watumishi wa mashirika. Miaka mingi baadaye mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Yeye hakuwa daktari, lakini wenye makoti meupe nao hawakukosekana kwenye mashitaka. Mahakama hiyohiyo mwaka 2003 ilimhukumu Gérard Ntakirutimana, daktari wa hospitali ya Mugonero, kifungo cha miaka 25. Sosthène Munyemana, daktari wa uzazi kutoka Butare, alikimbilia Ufaransa na kufanya kazi hospitalini huko miaka mingi kabla ya mahakama ya Paris kumhukumu miaka 24, Desemba 2023. Vyeti vyake vilikubalika. Baraza linalouliza mgeni alikuwa nani kabla ya kuvuka mto linauliza swali halali. Tatizo ni kwamba njia ya kulijibu, barua yenye mhuri, inampitisha mwenye hatia aliyejipanga na kumkwamisha asiye na hatia aliyetoka na kaptura moja.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna fomu inayokiuliza, na Ngara ndiyo mahali pa kukionea. Wenyeji wengi ni Wahangaza, na Kihangaza ni ndugu wa damu wa Kirundi na Kinyarwanda. Mtu wa Gitega na mtu wa Rulenge wakikutana sokoni hawamtafuti mkalimani. Umutwe ni kichwa, inda ni tumbo. Bibi wa miaka sabini aliyeletwa kwa baiskeli, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu, ataweza kumweleza mganga wa Kirundi maumivu yalipoanzia, yanavyotambaa, na alichopewa na mganga wa kienyeji kabla ya kuja. Daktari kijana aliyepangiwa kazi kutoka Moshi au Mtwara, mwenye usajili kamili na leseni ukutani, atahitaji muuguzi wa kumtafsiria. Kwa vigezo vya karatasi, mgeni katika chumba hicho ni Mrundi.

Kiswahili nacho kina mitego yake kwa mgeni. Mgonjwa akisema ana kichomi, anaeleza maumivu yanayochoma ubavuni, ambayo huenda ni mapafu na huenda ni msuli tu. Mama akisema mtoto kapata degedege, amesema habari mbili kwa pamoja: kwamba mtoto alikakamaa na kutetemeka, na kwamba pengine amekwisha kumpeleka kwa mtaalamu mwingine kabla ya hospitali. Vitabu vya Paris havina neno hilo, wala vya London. Virusi vilevile vina majina matatu kando ya mpaka huu: VIH kwa wenye Kifaransa, HIV kwenye faili la hospitali ya Tanzania, VVU kwenye bango lililo nje ya hospitali hiyohiyo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitakiwa kuumaliza usumbufu huu. Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007. Itifaki ya soko la pamoja ilianza kazi Julai 2010, na ndani yake nchi wanachama ziliahidi kutambua vyeti vya kitaaluma vya wenzao. Rwanda tangu 2008 ilihamisha elimu yake kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, jambo lililomsogeza daktari wake kijana karibu na Muhimbili kuliko alivyokuwa mwalimu wake. Mabaraza ya madaktari ya kanda yamekuwa yakikagua vyuo kwa pamoja. Hata hivyo kutambua chuo ni hatua moja. Kibali cha kazi kinabaki mikononi mwa kila nchi, na kila nchi ina vijana wake wanaosubiri ajira.

Mwaka 2017 suala hilo la ajira lilijitokeza bila kificho. Kenya ilikuwa imetoka katika mgomo wa madaktari wa siku 100, ikaiomba Tanzania madaktari 500. Rais John Magufuli akakubali, na Watanzania wakaanza kutuma maombi. Madaktari watano wa Kenya wakaenda mahakamani, wakisema wenzao wapo nyumbani hawana kazi, na mahakama ikasimamisha mpango. Magufuli akaamuru waombaji 258 waliokwisha kupita kwenye mchujo waajiriwe na serikali ya Tanzania yenyewe. Ilikuwa habari njema kwa hao 258. Ila iliacha watu wakijiuliza: walikuwa wapi siku zote, na zahanati za vijijini zikilia?

Ukitoka nje ya kanda, majina ya mitihani hubadilika tu. Uingereza wana PLAB, Marekani wana USMLE yenye hatua zake, kisha mafunzo ya kazi ya miaka mitatu au zaidi hata kwa aliyekuwa bingwa kwao. Wakati mtu akisoma usiku, mchana anahitaji kula, na Waswahili wa ughaibuni wana neno lao la maisha hayo: kubeba boksi. Huko Salford, jirani na Manchester, tangu 2003 upo mpango wa kuwasaidia madaktari wakimbizi uitwao REACHE, unaowafundisha lugha ya kliniki na mitihani hadi warudi kazini. Jimbo la Tennessee, Marekani, mwaka 2023 lilipitisha sheria ya kuwaruhusu baadhi ya madaktari waliosomea nje kuanza kazi chini ya usimamizi bila kurudia mafunzo yote. Usimamizi huo hauko mbali na ulivyofanyika Benaco: mweke mtu kwenye kazi, simama karibu naye, mtazame anavyofanya. Tofauti ni kwamba Tennessee mwisho wake ni leseni. Benaco mwisho wake ulikuwa tarehe 31 Desemba 1996, siku ambayo serikali ilikuwa imepanga Wanyarwanda wote wawe wamekwisha kurudi kwao. Wauguzi waliofanya kazi mahemani kwa miaka miwili na nusu walirudi kwa njia waliyojia, daraja lilelile. Lukole ya Warundi iliendelea hadi ilipofungwa mwaka 2008.

Magonjwa hayakuacha kuvuka. Septemba 2024 Rwanda ilitangaza Marburg, na wengi wa walioambukizwa walikuwa watumishi wa afya. Januari 2025 ugonjwa huohuo ukathibitishwa Biharamulo, ukaua watu kumi kwa hesabu ya waliothibitishwa na waliodhaniwa, hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Miaka miwili na kitu kabla ya hapo, Ebola ilipozuka Uganda, miongoni mwa madaktari waliokufa alikuwamo Mtanzania aliyekwenda huko kusomea ubingwa wa upasuaji.

Rusumo tangu Aprili 2016 ina kituo cha pamoja cha forodha. Lori la saruji hukaguliwa mara moja, maofisa wa nchi mbili wakiwa chini ya paa moja, likapita. Usiku malori hulala Benaco, na ndani ya vichwa vyake vya chuma wamelala madereva wa kila taifa la kanda. Mmoja akishikwa na homa saa nane za usiku, atasukumwa kwa bodaboda hadi kituo cha karibu. Kama ni Mrundi, afisa tabibu atamuuliza kwa Kiswahili, yeye atajibu kwa Kirundi, na msafishaji wa zamu, Mhangaza, ataitwa kutoka korido aje kutafsiri akiwa na fagio mkononi. Atatobolewa kidole, ataandikiwa karatasi: mRDT+, yaani kipimo cha haraka kimeonyesha malaria, pamoja na dozi ya dawa mseto. Kesho yake mchana, akivuka Kabanga na homa bado haijatulia, muuguzi wa upande wa pili ataigeuza karatasi hiyo mbele na nyuma, akitafuta jina la kipimo hichohicho kwa Kifaransa: TDR.